Kanda ya Queen imeota kuvu: jinsi ya kuiokoa na kuisafisha, hatua kwa hatua

Hazipiti wiki mbili bila mtu kunitumia picha ya kanda ya VHS iliyookotwa juu ya kabati, ubavuni imeandikwa kwa kalamu "QUEEN LIVE", na swali lake ni moja: nitumie AI gani iwe safi? Jibu langu huwa halimfurahishi. AI inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi huihitaji. Kazi kubwa iko kwenye deki, kabla hujagusa kompyuta. Nimeamua kuandika yote hapa ili nisirudie kumweleza kila mmoja.

Mfano wangu ni Queen, bendi ya rock ya Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua: mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, kwa hiyo nyumba nyingi za pwani zina kanda zake zilizoletwa na ndugu kutoka Uingereza, Oman au Canada. Ya pili ni ya kiufundi. Shoo kadhaa za bendi hii zimeshasafishwa na kutolewa rasmi, kama ile ya Rainbow ya 1974, Hammersmith Odeon ya mkesha wa Krismasi 1975 na Montreal ya 1981, kwa hiyo una kitu cha kulinganisha nacho. Nyingine, kama Earls Court ya Juni 1977, zimezunguka mikononi mwa mashabiki kwa miaka mingi, nakala ya nakala. Anayejifunza aanze na shoo ambayo jibu lake lipo. Akikosea atajua.

Kwanza, una nini mkononi?

Usiamini maandishi ya ubavuni. VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, kwa hiyo kanda ya VHS iliyoandikwa "Hammersmith 1975" haikurekodiwa usiku ule. Ni ya marudio ya TV, au imenakiliwa kutoka kwa kanda nyingine. Hilo si baya, lakini linakuambia utegemee picha ya namna gani.

Kama ni kanda ya dukani yenye nembo na jalada la kuchapwa, acha. Nunua diski rasmi, utaokoa wiki mbili za maisha yako. Na kama umekuta kaseti nene ya mraba, ile ya Philips N1500 ya mwaka 1972, yenye kipindi cha TV cha Uingereza cha miaka hiyo, usiiguse kabisa. BBC ilifuta vipindi vingi vya muziki vya wakati ule, vikiwemo vya Top of the Pops, na taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ina mpango maalumu wa kutafuta vipindi vilivyopotea. Waandikie wao kwanza. Kanda kama hiyo si ya kujifunzia.

Unachohitaji

- Deki mbili. Moja mbovumbovu ya kufanyia kazi chafu. Nyingine nzuri ya S-VHS (VHS iliyoboreshwa) yenye tundu la S-Video (waya unaopitisha mwanga na rangi kando kando), kama JVC za mfululizo wa HR-S au Panasonic NV-FS200. Mafundi wa zamani wa TV huwa nazo zimejaa vumbi chini ya meza.
- Rekoda ya DVD ya Panasonic DMR-ES10 au ES15. Hutarekodi DVD. Picha inapita ndani yake tu, na mistari iliyopinda inanyooka.
- Kifaa cha USB cha kunasia picha, yaani kuiingiza kwenye kompyuta, chenye S-Video. Vile vya bei ya chipsi mayai hupoteza fremu kimyakimya.
- Diski yenye nafasi. Saa moja ya video ya PAL (mfumo wa TV wa Uingereza, ona hatua ya 5) bila kupoteza ubora ni kama GB 30 hadi 35.
- UPS, yaani betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika katikati ya kunasa, faili linaweza kuharibika, na kanda inabaki imejiviringisha kwenye mtambo.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno.
- Kitambaa cha ngozi laini, bisibisi ndogo ya nyota, glavu na barakoa.
- Programu: VirtualDub ya kunasia, Hybrid ya kusafishia (ndani yake kuna QTGMC, kichujio cha kugeuza nusu-picha za TV kuwa fremu kamili), DaVinci Resolve ya rangi, Audacity ya sauti. Zote zina toleo la bure.

Hatua

1. Kagua kanda kwa tochi. Angalia kupitia dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama za buibui kwenye kingo za mkanda, hiyo ni kuvu. Kwa joto na unyevu wa pwani, sijui kanda ngapi zimenusurika. Vaa barakoa na ufanyie kazi barazani, si chumbani kwa mtoto.

Usiitie kanda yenye kuvu kwenye deki nzuri. Itachafua vichwa vinavyosoma picha, kisha itaambukiza kila kanda inayofuata. Usiianike juani pia. Nilifanya hivyo na kanda yangu ya kwanza, nikaiacha kwenye sinia ukutani tangu asubuhi. Jioni plastiki ilikuwa imepinda na mkanda umekunja kingo kama karatasi iliyolowa. Iweke siku kadhaa kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Kuvu ikikauka hutoka kirahisi.

2. Safisha mkanda. Kaseti ya VHS ina skrubu tano chini. Ifungue taratibu, na upige picha kwa simu kabla hujatoa chochote, maana kuna chemchemi ndogo inayopenda kuruka. Futa kingo za magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri ikauke. Hamisha magurudumu kwenye ganda safi la kanda usiyoitaka. Kisha tumia ile deki mbovu: iache wazi juu, shika kitambaa kikavu kiguse mkanda kwa wepesi wakati unajirudisha nyuma. Badilisha sehemu ya kitambaa kila baada ya dakika mbili tatu. Ukimaliza, safisha na deki.

Mkanda ukikatika, usitumie selotepu. Gundi yake huyeyuka na kuziba vichwa. Kuna utepe maalumu wa kuungia, na unabandikwa upande wa nyuma, ule usiogusa vichwa.

3. Safisha vichwa vya deki nzuri. Chomoa umeme. Lowesha kitambaa cha ngozi kwa spiriti, kibonyeze kwa upole kwenye pipa la vichwa *bila kukisogeza*, kisha zungusha pipa lenyewe kwa mkono kutoka juu. Pamba za masikio hapana, nyuzi zake zinanasa. Kusugua juu-chini hapana kabisa, utang'oa kichwa. Hapa ndipo deki nyingi za S-VHS zimekufa, mikononi mwa watu wenye nia njema.

4. Jaribu kwa kanda isiyo na thamani. Harusi ya jirani aliyeachika inafaa. Deki ikila kanda, iwe hiyo.

5. Jua mfumo. Kanda kutoka Uingereza au Oman itakuwa PAL: mistari 625, fremu 25 kwa sekunde. Za Marekani na Canada ni NTSC: mistari 525, fremu kama 29.97. Za Ufaransa ni SECAM. Kanda ya NTSC inaweza kuonekana vizuri kwenye TV yako kwa sababu deki ya PAL huibadilisha kijanjajanja, lakini kifaa cha kunasia kitakataa au kitatoa picha isiyo na rangi. Tafuta deki inayotoa NTSC halisi.

6. Nasa. Unganisha hivi: deki, kisha rekoda ya Panasonic, kisha kifaa cha USB, yote kwa S-Video. Ule waya wa njano uache. Kwenye VirtualDub weka 720 kwa 576 kwa PAL, au 720 kwa 480 kwa NTSC, kodeki ya HuffYUV au Lagarith (zinabana faili bila kupoteza ubora), sauti ya 48,000 Hz isiyobanwa.

Kabla ya kubonyeza rekodi, pitisha dakika tano za shoo huku ukitazama grafu ya mwanga. Kwenye Live Aid, tamasha la hisani la Wembley, London, la 13 Julai 1985, Freddie amevaa fulana nyeupe na jua la jioni bado lipo. Fulana hiyo ikigonga ukuta wa kulia wa grafu, mikunjo yake imeshapotea na hakuna programu itakayoirudisha. Punguza mwanga kwenye mipangilio ya kifaa mpaka mikunjo ionekane. Picha itakuwa hafifu kidogo. Ni sawa, utaipandisha baadaye.

Rekebisha ufuatiliaji (tracking) wa deki kwa mkono mpaka chenga zipungue, kisha nasa kanda nzima bila kuigusa. Tazama idadi ya fremu zilizopotea: moja au mbili kwa saa vumilia, ishirini rudia.

Kama kanda ni adimu kweli, inase mara tatu. Kila mara chenga hutokea mahali tofauti. Ukiziweka nakala tatu sambamba na kuchukua thamani ya katikati kwa kila pikseli, chenga nyingi zinatoweka zenyewe, bila kulainisha chochote. Sijui kwa nini wanaoanza hawaambiwi jambo hili. Linaishinda kila programu ya kulipia niliyojaribu.

7. Nakili faili ghafi kwenye diski mbili. Sasa hivi, kabla ya kunywa chai. Hilo ndilo hifadhi yako. Kila kinachofuata ni maoni yako tu.

8. Tambua kama ni video au ni filamu. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa. Picha ya TV ya zamani haikutumwa fremu nzima kwa mara moja. Mistari ya namba shufwa na ya namba witiri ilipishana, nusu baada ya nusu, kwa hiyo PAL ina nusu-picha 50 kwa sekunde. Chagua mahali ambapo Roger Taylor anapiga ngoma, zitenganishe nusu-picha, kisha sogea moja moja kwa kitufe cha mshale. Kijiti kikisogea kila unapobonyeza, hiyo ni video halisi yenye mienendo 50 kwa sekunde. Hammersmith na Live Aid ziko hivyo. Kijiti kikisogea mara moja kila baada ya mibonyezo miwili, hiyo ni filamu. Montreal ilipigwa kwa filamu ya milimita 35.

Kwa video: tumia QTGMC ndani ya Hybrid, na utoe fremu 50 kwa sekunde. Usishushe hadi 25. Utapoteza nusu ya mienendo na shoo itaonekana nzito, kama watu wanacheza ndani ya uji. Kwa filamu: usitumie QTGMC, unganisha tu nusu-picha mbili za fremu moja. Na hapa kuna mtego. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, lakini TV ya PAL huiendesha kwa 25, kwa hiyo kila kitu kinaenda kasi kwa kama asilimia 4 na sauti inapanda zaidi ya nusu ya nusutoni. Kama umewahi kuona sauti ya Freddie kwenye kanda fulani ni nyembamba kuliko unavyoikumbuka, ndiyo hiyo. Rudisha kasi hadi 24, picha na sauti pamoja.

9. Kingo, rangi iliyohama, chenga. Chini ya picha ya VHS kuna mistari kadhaa inayotetemeka, pale deki inapobadilisha kichwa. Ifunike kwa weusi, usiivute picha kujaza. Halafu angalia rangi. VHS huhifadhi rangi kwa undani mdogo sana, na kila kanda ilivyonakiliwa, rangi ilizidi kuteleza kwenda chini. Kwenye kanda iliyopita mikono minne, wekundu wa gitaa la Brian May unakaa chini ya gitaa lenyewe, kama kivuli. Sogeza safu ya rangi juu mistari 2 hadi 4 mpaka iingie mahali pake.

Kuondoa mchanga wa picha: weka kiwango unachodhani kinatosha, kisha kigawe kwa mbili. Angalia umati, si mwimbaji. Vichwa vya watu vikianza kuungana kuwa tope, umezidisha.

10. Rangi ya jukwaa. Toa faili la aina ya DNxHR, maana Resolve haisomi HuffYUV. Usibonyeze kitufe cha kusawazisha weupe chenyewe. Taa nyekundu za jukwaani zilikusudiwa kuwa nyekundu, programu itazifanya kijivu. Tafuta kitu unachokijua rangi yake: ile fulana ya Live Aid, au koti la njano la Wembley 1986. Rekebisha hapo, tumia marekebisho hayo hayo kwa shoo nzima, kisha linganisha na toleo rasmi kama lipo.

11. Sauti. VHS inaweza kuwa na njia mbili: ya Hi-Fi, nzuri sana, na ile ya ukingoni, ya mono na finyu. Nasa zote mbili kama zipo.

Mvumo wa umeme uko 50 Hz, na ndugu zake 100 na 150. Wanaoanza hukata chini yote ya 60 Hz. Kumbuka noti ya G ya chini ya gitaa la besi iko 49 Hz. Ukikata ovyo, umemfuta John Deacon, mpiga besi. Tumia kichujio chembamba kabisa, halafu sikiliza besi.

Kwa mvuke wa kanda (ule mlio wa "shhh"), chukua sampuli kabla shoo haijaanza, na usizidi desibeli 6. Makofi ya umati yanafanana sana na mvuke, na programu haijui tofauti. Ukizidisha, watu elfu sabini wa Wembley watasikika wanapiga makofi chini ya maji. Mwisho, pima piano kwa kipima noti cha simu. Ikiwa noti zote zimepanda au kushuka kwa kiasi kilekile, kasi ya kanda ilikosewa mahali fulani. Rekebisha sauti na picha pamoja.

12. Kukuza na kutoa. Pikseli za faili lako la 720 kwa 576 si za mraba. Umbo sahihi ni 4 kwa 3. Likuze hadi 1440 kwa 1080 na uache weusi pembeni. Usilitanue kujaza skrini, Freddie hakuwa mnene. Toa H.264 kwa CRF 17 (kipimo cha ubora, namba ikishuka ubora unapanda), fremu 50 kama ni video ya PAL.

Sasa AI, kwa kuwa najua bado mnasubiri. Itumie kwa kunoa kidogo ukipenda, lakini zima kila kitu kinachohusu nyuso. Uso wa mtu aliye mbali kwenye VHS una pikseli kama thelathini, na programu inajaza kilichobaki kwa kubuni. Freddie alikuwa na meno ya ziada yaliyosukuma ya mbele nje, kila mtu anaujua mdomo ule. Nimeona klipu ambayo AI imempa meno yaliyonyooka kama ya tangazo la dawa ya meno. Ilikuwa inang'aa, na hakuwa yeye.

Haki za shoo hizi zina wenyewe. Okoa kanda, tazama na familia; kuipandisha mtandaoni ni suala jingine, na usiniite ikifungiwa.

Mambo yakikwama

*Juu ya picha panapinda kama bendera.* Rekoda ya Panasonic haipo kwenye mnyororo, au umeunganisha tundu lisilo lake.

*Hakuna rangi.* Mfumo umekosewa, rudi hatua ya 5. Au umechomeka S-Video upande mmoja na waya wa njano upande mwingine.

*Chenga zimejaa ghafla katikati ya kanda.* Vichwa vimeziba. Simamisha mara moja, usingoje viamke vyenyewe. Hatua ya 3.

*Skrini inageuka buluu.* Deki inaficha picha mbaya. Kuna mpangilio wa kuzima hiyo buluu kwenye menyu. Uzime, bora chenga kuliko kitu hakuna.

*Picha inatangulia sauti, na inazidi kadiri shoo inavyoendelea.* Fremu zimepotea wakati wa kunasa. Usivute sauti kwa mkono, nasa upya. Funga kivinjari na kinga-virusi kwanza.

*Sauti inakatika na kunguruma kama redio isiyoshika.* Deki inashindwa kufuata njia ya Hi-Fi. Gusa ufuatiliaji kidogo, au kwa dakika hizo tumia njia ya mono.

*Mwanga unapanda na kushuka wenyewe kila baada ya sekunde chache.* Hiyo ni kinga ya kunakili ya kanda za dukani. Kumbe ilikuwa ya dukani.

*Watu wanatembea mbele-nyuma, mbele-nyuma.* Mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa. Kwenye Hybrid badilisha juu-kwanza iwe chini-kwanza, au kinyume chake, ujaribu sekunde kumi kabla ya kuacha kompyuta ilale na kazi usiku kucha.

*Deki imekula kanda.* Usivute. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha juu, zungusha mota ya kupakia kwa kidole kinyume mpaka mkanda ulegee, kisha toa kaseti ikiwa imebeba mkanda wake. Sehemu iliyokunjamana haitanyooka hata kwa pasi, na tafadhali usijaribu pasi. Iache ilivyo, nasa kabla na baada yake.